Mstari Mwekundu kwenye Rimoti Yako

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kigoda chako nje ya jikoni, ambacho ulikataza mtu mwingine yeyote kukikalia, kwa hiyo anza kunigombeza mapema tumalize. Ni Jumapili alasiri. Mama amerudi kutoka kanisani, amevua viatu, na sasa yuko ndani anachambua mchele huku redio ikimhubiria kwa mara ya pili. Mimi nimechoka, Baba. Nimechoka mpaka kalamu naiona nzito. Tangu tulipokupeleka Magharibi na kukulaza kwenye shamba la Babu, sijakusemesha hata neno moja, ingawa Mama anaongea nawe kila siku akipika. Mimi nilikuwa na aibu. Leo nitasema yote, hata ile sehemu ambayo nimekuwa nikiiruka.

Unakumbuka gari lilivyofika hapa? Ulikuwa umestaafu kazi ya reli mwezi huo huo, na ulikuwa ukizunguka ua huu kama mtu aliyepoteza funguo. Ulikaza bawaba za milango yote. Ulikaza hata zile ambazo hazikuwa zimelegea, mpaka mlango wa choo ukakataa kufunguka na Mama akiwa ndani, na jirani akaja mbio akidhani kuna mwizi. Siku hiyo niliona hatuwezi kuendelea hivyo. Kule chuoni ninakofundisha umekanika kulikuwa na gari la rimoti limetupwa stoo, lile la kuendeshea vumbini, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka kidole. Springi moja ilikuwa imevunjika na tairi moja halipo. Nikaomba ruhusa, nikakuletea, nikakuambia ni kitu cha kupitishia wakati tu.

Ulilipindua tumbo juu. Ukazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, ukalisogeza sikioni, ukafumba macho.

"Hii gari inakohoa," ukasema.

Nilicheka, lakini nilijua ulikotoa tabia hiyo. Miaka yako yote pale stesheni ya Voi ulitembea kandokando ya mabehewa yaliyosimama ukiwa na nyundo, ukigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima linalia, ulituambia tukiwa watoto, na lenye ufa linajibu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo ulilisikiliza gari lile kama ulivyosikiliza behewa. Baada ya siku nne halikukohoa tena, na Mama akaanza kupata shida mpya. Kila jioni ulilipitisha uani kwa kasi, karibu kabisa na kitalu chake cha sukuma wiki, naye bila hata kutoka jikoni akapaza sauti, "Usinipitie kwenye sukuma!" Nawe siku zote ulijibu, "Nimepita pembeni!" Ulijibu hivyo hata siku ambayo jani zima lilikuwa limenata kwenye tairi.

Kitu kingine ulichotoka nacho reli ni ile mistari. Ukishakaza nati, ulichukua rangi ukapiga mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukiwa mzima, nati haijasogea. Mstari ukikatika, mtu amegusa au kitu kimelegea. Kwenye mabehewa mlitumia rangi nyeupe. Kwenye gari lako ulitumia rangi ya kucha, ile chupa yangu nyekundu niliyoiacha kwenye dirisha la chumba changu nikiwa bado kidato cha nne. Nilipokuja kukuona siku moja, nikakuta mzee mzima mwenye mvi amevaa miwani, anapaka rangi ya kucha chini ya gari kwa ile brashi ndogo, ulimi umetoka nje kidogo. Nilikupiga picha. Bado ninayo, lakini sijaifungua.

Halafu zikaja Jumamosi. Mwakio, yule fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko, ndiye aliyewakusanya: yeye, mafundi wawili wa pikipiki, mwalimu mmoja wa Marungu, na wengine waliokuja kutazama wakaishia kuagiza magari yao. Mlipata kiwanja kile cha vumbi jekundu chini ya mlima wa Sagalla. Mkachora njia kwa chokaa, mkapanga matairi makuukuu kwenye kona, na mkakubaliana kwamba kila mtu aje na mtungi wa maji wa lita ishirini wa kumwagia njia ili vumbi litulie. Kona zilikuwa saba, na tano kati yake zilikata kushoto. Wewe ulikuwa mkubwa kwao wote kwa umri, na karibu kila Jumamosi ulifika wa kwanza au wa pili. Mama alikuja na mwavuli wake akakaa kwenye kiti cha plastiki, akijifanya anashona.

Mimi nililichunguza gari lako nikashindwa kulielewa. Kwa nyuma, kwenye kile kifimbo kinachopita kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ulikuwa umefunga nati moja nzito ya reli kwa kipande cha mpira wa tyubu. Hukuifunga katikati. Ilikaa upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote ninayoijua, na mstari wako mwekundu ulionyesha kwamba ndipo ulipotaka ikae. Springi ulizoweka zilikuwa laini mno, gari likatikisika kama linacheza ngoma. Nikakueleza habari za kitovu cha uzito. Nikakuchorea mishale. Nikakuambia kwamba gari lenye uzito upande mmoja haliwezi kwenda sawa, ni kanuni, ninaifundisha kila muhula.

"Injinia," ukaniambia, maana hukuniita kwa jina langu tena tangu nilipohitimu, "hiyo karatasi yako imewahi kuona vumbi?"

Neno hilo liliniuma, Baba. Ulilisema kwa mzaha, lakini liliniuma. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, wewe na Mama mkijinyima, na nilitaka siku moja kile nilichosoma kikusaidie kitu ukione kwa macho. Kwa hiyo nikakuomba uniachie gari kwa wiki moja. Ukasema ni zamu ya hesabu. Ulinipa gari. Rimoti ulibaki nayo. "Hiyo niachie," ukasema, na mimi nikadhani ni ukaidi wa wazee.

Nililifungua lote. Niliosha kila kipande kwa petroli na mswaki mkuukuu mpaka likang'aa kama limetoka dukani, na ile mistari yako yote nikaisugua ikatoka. Niliiona kama uchafu. Unajua tulivyo watu wa Voi na vumbi letu, kitu tunachokipenda tunakiosha. Nikaitoa nati, nikaweka springi ngumu, nikapima uzito wa kila gurudumu kwa mzani wa maabara. Kushoto na kulia vikalingana sawasawa. Nilipokurudishia ulilitazama kwa muda mrefu, ukapitisha kidole pale kwenye kifimbo cha nyuma.

"Imekuwa safi," ukasema. Basi.

Jumamosi asubuhi, kabla hatujatoka, uliniuliza swali moja tu.

"Maji umeyahesabu?"

"Nimeyahesabu. Mitungi kumi na miwili, njia itashika vizuri."

"Na watu?"

Sikukuelewa. Tulipofika nikaona mitungi imepangwa kwenye kivuli, yote imejaa, na nikafurahi. Hakuna aliyeigusa. Mfereji mjini ulikuwa mkavu tangu Jumatatu, na kule Sagalla akina mama walikuwa wakishuka na punda kutafuta maji. Hakuna aliyetangaza kitu, kila mmoja alichelewa tu kuinua mtungi wake, mpaka Mwakio akasema kile ambacho wote walikuwa wanafikiria.

"Jameni, mimi hii maji siimwagi. Mke wangu ataniuliza nilimwagilia nini, nimwambie barabara?"

Wakacheka kama watu waliotuliwa mzigo, mbio zikaanza kwenye vumbi kavu. Hesabu yangu yote ilikuwa ya ardhi yenye unyevu. Gari lako jipya, safi, lenye kulingana pande zote, lilikwenda kama limepakwa sabuni. Kila kona ya kushoto liliteleza nje. Hata kwenye njia iliyonyooka lilikuwa likivuta kulia, nawe ulisimama pale mkono umekaza rimoti, shingo imetoka mishipa, mizunguko yote. Ulimaliza wa mwisho.

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiiruka. Mwalimu wa Marungu aliuliza kwa upole gari limekuwaje leo. Na mimi, mbele ya wote, nikiwa na karatasi zangu mkononi, nikasema, "Kwa vipimo gari liko sawa. Labda tumwangalie dereva."

Watu walicheka kidogo. Mwakio alitazama viatu vyake. Mama aliacha kushona.

"Pengine ni mkono," ukasema, ukafungua betri ukaiweka mfukoni.

Ulipanda bodaboda ukiwa umelipakata gari, mimi nikifuata kwa bodaboda nyingine na kukutazama mgongoni njia nzima. Ingekuwa rahisi kusema samahani pale nyumbani. Ulikunywa chai, ukanimiminia na mimi, tukaongea habari za mvua. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, presha ikakuangusha bafuni. Mimi nilikuwa darasani, nimeandika neno msuguano ubaoni, simu ikaita.

Yaliyofuata unayajua, au huyajui, sijui mambo hayo yanakwendaje. Hospitali, mikutano ya mazishi, ile safari ndefu ya kuvuka nchi nzima tukiwa nyuma ya jeneza, wajomba wakigombania nani atazungumza kwanza. Nilirudi nikafundisha. Nimekuwa nikifundisha kama mtu anayesoma tangazo. Wanafunzi wanaandika, mimi natazama dirishani.

Wiki mbili zilizopita Mwakio alikuja hapa nyumbani, amevaa shati la heshima. Alisema kundi la Jumamosi lina ombi. Wanataka siku moja waanze mbio kwa gari la Mzee kuzunguka peke yake, mzunguko mmoja, wengine wakiwa wamesimama na magari yao yamezimwa.

"Halafu tutaendelea kama kawaida," akasema. "Yeye hakupenda mambo ya kulialia."

Mama aliniuliza mbele yake, "Itakimbia kama yake?"

Nikasema ndiyo. Nini kingine ningejibu? Mimi ndiye injinia.

Springi zako laini nilizipata kwenye mkebe wa majani ya chai, nikazirudisha kwa dakika kumi. Nati nayo ilikuwamo. Lakini niifunge wapi? Ungeniuliza mpangilio wa mkutano wa bodi ya chuo wa mwaka juzi ningekumbuka, ila mahali pa nati yako sikukumbuka. Kushoto, ndiyo, lakini kushoto kiasi gani? Kifimbo hakina tundu wala alama, nimekisugua mwenyewe. Nilikaa nacho chini ya taa ya maabara nikitafuta hata chembe ya wekundu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri sana, Baba. Hapakuwa na chembe.

Basi nikaanza kukisia. Kila siku nikitoka kazini nilikuja hapa uani na rimoti ya chuo, kwa sababu ile yako nilidhani ilipotea katika vurugu za siku zile. Nikifunga nati hapa, gari likivuta upande mmoja, nazungusha kile kigurudumu kidogo cha pembeni mwa rimoti cha kunyooshea usukani, na linanyooka. Nikiisogeza nati pale, nazungusha tena, linanyooka tena. Kila mahali palikuwa sawa. Nilijaza daftari zima, na kila ukurasa ulinipa jibu tofauti lililo sahihi. Na muda wote huo, gari likipita karibu na sukuma zake, Mama hakupaza sauti hata mara moja. Alikuwa akipika kimya. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Niliona nimekufuta, na kwamba Jumamosi hii inayokuja, siku tuliyokubaliana, nitawapelekea watu gari langu wakidhani ni lako.

Leo baada ya kanisa nilikuwa hapa tena. Mama alisimama mlangoni akanitazama.

"Kwani hiyo rimoti ni ya nani?"

"Ya chuo, Mama."

"Na ya baba yako?"

"Si ilipotea?"

"Nani alikuambia?"

Aliingia ndani akatoka na mkoba wake wa kanisani. Chini kabisa, chini ya kitabu cha nyimbo na peremende, ilikuwamo rimoti yako, imefungwa kwenye leso ya mkono. Ameibeba hivyo tangu siku ile ya hospitali. Imekwenda Magharibi na kurudi. Imeketi kanisani kila Jumapili.

"Alisema hapo pekundu pasiguswe," akaniambia. "Mpaka Injinia amalize hesabu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Umemaliza lini?"

Akarudi jikoni. Mimi nikaigeuza rimoti mkononi. Kile kigurudumu cha kunyooshea kilikuwa kimezungushwa kwenda kulia, zaidi ya vile mtu yeyote mwenye akili angekiweka, na juu yake, kutoka kwenye kigurudumu mpaka kwenye plastiki, ulipita mstari mmoja mwembamba mwekundu. Mzima. Haukukatika.

Nilikaa chini kabisa, Baba, kwenye mchanga, na sketi yangu ya kanisani. Kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa siku ile ya mbio. Nati yako ya kushoto ilivuta gari kushoto, nawe ukalirudisha kwa rimoti kulia, ili kwenye njia iliyonyooka liende sawa na kwenye kona zile tano gurudumu la ndani libaki limeshika chini. Mimi nikaitoa nati. Ungeweza kukizungusha kile kigurudumu kwa kidole kimoja, ukastarehe. Hukukizungusha. Ulilishikilia gari kwa mkono mizunguko yote, ukafika wa mwisho, ukakubali nikuambie maneno yale mbele ya watu, ili mstari huu usikatike. Ulijua nitarudi kuutafuta. Au ulikuwa mkaidi tu. Nakujua, pengine ni vyote viwili.

Safari hii niliacha daftari ndani. Nikaifunga nati katikati, nikawasha rimoti yako bila kugusa pale pekundu, gari likakata kulia mpaka kwenye ukuta. Nikaisogeza nati kushoto upana wa kidole. Likavuta kulia, ila kidogo. Nikaisogeza tena, kisha nikairudisha nyuma unene wa sarafu. Safari hii kulikuwa na jibu moja tu, na hesabu zilezile ulizozicheka ndizo zilizokuwa zikiniambia nisogeze upande gani. Nilikuwa nikifanya hesabu kwa kuanzia mwisho, kutoka kwenye mkono wako kurudi kwenye gari.

Rangi kwenye chupa ilikuwa imekauka karibu yote. Niliidondoshea tone la dawa ya kuondolea rangi, nikaikoroga, nikapiga mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye kifimbo. Haukunyooka kama yako.

Samahani, Baba. Dereva hakuwa na kosa. Nitalisema hilo Jumamosi mbele ya walewale, kabla ya mzunguko wako, na Mwakio akitaka kutazama viatu vyake atazame. Baada ya hapo nitalala siku mbili, chuo wanitafute. Wewe lala huko, na asante kwa kuningoja kwa namna uliyoweza.

Nilipomaliza ule mstari nilisimama, nikalipeleka gari mwisho wa ua, nikalielekeza huku, nikabonyeza. Lilikuja limenyooka, likitikisika na springi zako, likapita kandokando ya kitalu likirusha vumbi. Na kutoka jikoni, bila kutoka nje, bila kuacha kuchambua mchele, Mama akapaza sauti:

"Usinipitie kwenye sukuma!"

Nami nilijibu ulivyokuwa ukijibu.

"Nimepita pembeni!"

Nililiinua gari. Kwenye tairi la nyuma kulikuwa na jani.

Mimi binti yako,
Injinia